Nyasi ni za nani? Mawazo juu ya ng'ombe wa Bushi na msitu wa Kahuzi

Ukitoka Bukavu kwa njia ya Kavumu, ukapita Miti na kupanda mpaka Tshivanga, ni kilomita kama 30 tu, lakini njiani kote utasikia mabishano ya namna moja. Mmoja anasema: hawa gorila wako na walinzi, wako na wageni wanaolipa dola, na sisi wenye watoto tuko na nani? Mwingine anamjibu: msitu ukiisha, mvua itatoka wapi? Wa kwanza anarudia: mvua ya kumnyeshea nani, kama sina shamba? Na maneno yanaendelea hivyo mpaka chupa zinakwisha.

Hatudharau mabishano hayo, maana ndani yake kuko njaa ya kweli. Lakini tunaona swali limewekwa vibaya. Linaulizwa kama vile kuko mizani moja, mtu upande huu na nyama wa pori upande ule, na kazi yetu ni kuchagua tu. Ng'ombe, mbuzi, kuku na dende hawamo katika mizani hiyo. Mto haumo, upepo haumo, udongo haumo. Na hapo ndipo desturi za wazee wetu zinaweza kutusaidia kuuliza vizuri zaidi: mabaya yakiupata mlima, nani anayelipa, na nani aliyekula faida?

Tuanze na ng'ombe. Huwezi kusema juu ya Bushi bila yeye.

Kwa Bashi, ng'ombe hakuwa kwanza kitu cha kuuza. Alikuwa kama neno ambalo mtu amempa mtu mwingine. Kijana alioa kwa ng'ombe. Aliyetaka shamba la kudumu alimpelekea Mwami au mkubwa wake ng'ombe, na mapatano hayo yaliitwa kalinzi. Asiyekuwa na ng'ombe alipewa sehemu ya kulima kwa muda, ndiyo bwasa, akalipa kwa mazao au kwa kazi ya mikono. Halafu kulikuwa na bugabire: mwenye ng'ombe wengi alimkabidhi mtu ng'ombe mmoja amtunze. Maziwa na mbolea vilikuwa vya aliyepewa, lakini ng'ombe mwenyewe hakubadilisha bwana, na ndama waligawanywa kufuatana na walivyopatana. Aliyepewa alikuwa na wajibu mmoja ambao haukupunguzwa na kitu: ng'ombe akizaa, aseme, akiugua, aseme, akifa, aseme. Kuficha kifo cha ng'ombe wa bugabire kulikuwa jambo baya kuliko kumpoteza.

Tusidanganyane, hiyo haikuwa paradiso. Bugabire ilikuwa pia kamba ya kumfunga mdogo chini ya mkubwa, na kalinzi ilimtajirisha yule aliyekuwa tayari tajiri. Mengi ya magomvi ya mashamba tunayoyaona leo katika teritware za Kabare na Walungu mizizi yake iko pale. Hata hivyo desturi ile ilijua jambo ambalo sisi tumelisahau: kwamba mnyama anayelala kwako anaweza kuwa wa mtu mwingine, na kwamba kumtunza ni deni.

Na ng'ombe yule alikuwa na kazi nyingine ambayo haikuonekana. Samadi yake ndiyo iliyolisha migomba iliyozunguka nyumba. Wazee walioishi karibu na shamba la migomba lenye kivuli kizito walijua kwamba kivuli kile kimetoka tumboni mwa ng'ombe, na ng'ombe amekitoa kwenye nyasi za mlima. Ukiondoa nyasi, ng'ombe anakonda. Ng'ombe akiondoka, mgomba unakonda. Mgomba ukikonda, udongo unabaki uchi na mvua inaubeba. Mambo haya yanafuatana kama watoto wa tumbo moja.

Basi nyasi zilikwenda wapi? Zilianza kwenda zamani za Wabelgiji. Mwaka 1928 ilianzishwa Comité National du Kivu, nayo ikapewa mamlaka makubwa ya kugawa ardhi kwa walowezi. Milima mizuri ikapandwa kahawa, chai na kinkina, ule mti ambao gome lake hutoa dawa ya malaria. Malisho yakapungua, na watu wakaongezeka. Vinamasi ambavyo zamani vilikuwa akiba ya nyasi wakati wa kiangazi, Juni mpaka Agosti, vikafunguliwa vikalimwa. Tarehe 30 Novemba 1970 ikaundwa parke ya Kahuzi-Biega, hekta 60,000 juu ya milima, na mwaka 1975 ikapanuliwa kuelekea nchi ya chini mpaka hekta 600,000. Halafu 1994 wakafika wakimbizi kutoka Rwanda, makambi makubwa yakajengwa Kashusha na Inera, karibu kabisa na msitu, na miti ikakatwa kwa ajili ya moto na vibanda. Halafu vita vya 1996, halafu vya 1998. Ng'ombe wa Bushi walipelekwa na wenye bunduki, makundi kwa makundi, kwa sababu ng'ombe ni mali inayotembea yenyewe.

Hapo ndipo akapata heshima mnyama mmoja ambaye wazee hawakumtolea mahari: dende.

Tunaomba msomaji asicheke. Dende, ambaye Wafaransa humwita cobaye, asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na katika Kivu yetu amekuwa ng'ombe wa maskini. Anakaa jikoni, au chini ya kitanda. Anakula maganda ya ndizi, matembele na majani yanayong'olewa kando ya njia na watoto wakitoka masomoni. Hubeba mimba siku 68 hivi na kuzaa wawili, watatu, hata wanne. Watu wakikimbia, wanamtia katika kikapu na kumfunika kwa kitambaa, na hakuna askari anayesimamisha kikapu cha dende. Mama akikosa pesa ya madaftari, anauza wawili. Tunasema hivi bila mapambo: katika miaka ile mibaya, nyumba nyingi za Walungu na Kabare zilionja nyama kwa sababu ya mnyama huyu mdogo.

Lakini mtazame vizuri, maana anatufundisha kitu juu ya mazingira kuliko vitabu vingi. Dende hawezi kutengeneza vitamini C ndani ya mwili wake. Lazima aipate kwenye majani mabichi. Akikosa, anapata kiseyeye, miguu inakauka na anakufa. Mtu pia hawezi kuitengeneza. Gorila naye hawezi. Sisi watatu, yule wa chini ya kitanda, yule wa mezani na yule wa kwenye mianzi, tuko na upungufu mmoja na tunaponyeshwa na kitu kimoja, jani bichi. Kiangazi kikirefuka, wa kwanza kukonda ni dende, kwa sababu majani ya kando ya njia ndiyo ya kwanza kukauka. Joto nalo linamwua upesi, kwa hiyo kumfuga kule Uvira si sawa na kumfuga Walungu. Na huku juu, baridi ya usiku inaua watoto wake kama jiko limezimwa mapema. Basi hata mnyama wa ndani ya nyumba hayuko nje ya hali ya nchi.

Ng'ombe waliobaki nao wako na adui yao, kupe. Kuko kupe mmoja wa rangi ya kahawia, wataalamu humwita Rhipicephalus appendiculatus, anayebeba ugonjwa wa tileriosi. Ndama akiambukizwa, tezi zinavimba, homa inapanda, anapumua kwa shida, na wengi hufa. Jambo la kushangaza ni hili. Mahali ambapo kupe huyu yuko mwaka mzima, ndama wengi wanaumwa mapema. Wanaopona wanakuwa na kinga, na kundi linaendelea kuishi. Mahali ambapo alikuwa hapatikani kwa sababu ya baridi, akifika anakuta ng'ombe wakubwa ambao hawajawahi kumjua, na anaangusha hata mama mwenye maziwa. Kupe anapenda unyevu na joto la kadiri. Kadiri hewa ya milima inavyopata joto, ndivyo mipaka yake inavyoweza kupanda mlima. Mchungaji wa kule juu, ambaye babu yake hakuhitaji dawa ya kuogesha ng'ombe, sasa anaihitaji, na yeye hakufanya kitu chochote cha kupasha dunia joto. Hilo pia ni swali la haki, ijapokuwa katika mabishano ya njiani halitajwi.

Tutoke kidogo Bushi, tupande mpaka kaskazini ya ziwa. Huko Goma na Sake kuko neno ambalo kila mfugaji analijua: mazuku. Ni hewa mbaya, gesi ya kaboni inayotoka ardhini kwa sababu ya volkano na kutulia katika mashimo, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa tunayoivuta. Haina rangi. Mbuzi anashuka shimoni kufuata majani mazuri, analala, haamki. Ndege anatua, haruki tena. Mbwa wa pori anayekuja kula mzoga anabaki kando ya mzoga. Na mtoto aliyetumwa kumtafuta mbuzi anaweza kubaki pia. Mazuku haiulizi nani ni wa parke na nani ni wa kijiji. Vivyo hivyo kimeta: mnamo Aprili 2025, katika hifadhi ya Virunga, viboko kama 50 walikutwa wamekufa upande wa mto Ishasha, na vipimo vikaonyesha kimeta. Mbegu ya ugonjwa huo inaweza kulala katika udongo miaka na miaka. Ng'ombe anakula udongo ule pamoja na nyasi, mtu anakula nyama ya ng'ombe. Mpaka uliochorwa kwenye ramani ya Leta, ugonjwa hausomi.

Na mvua pia haisomi. Tarehe 4 Mei 2023, katika teritware ya Kalehe, mito ilishuka milimani kwa usiku mmoja na kufunika Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengi hawakuonekana mpaka leo. Pamoja nao walikwenda mbuzi, kuku, mashamba na siku ya soko. Wengine walisema ni Mungu, wengine walisema ni mabadiliko ya hali ya hewa. Sisi tunasema: mvua kubwa ilikuja, ni kweli, lakini ilikuta milima isiyokuwa tena na nguo. Mlima wenye miti hupokea maji kama mama anavyopokea mgeni, polepole, anamkalisha kwanza. Mlima uchi unayasukuma kwa jirani wa chini.

Sasa tuingie msituni, maana ndiko tunakosema kwamba kuko maisha ya pekee yasiyohusu mbuzi wetu.

Kahuzi iko na mita 3,308 na Biega mita 2,790. UNESCO iliandika parke hii katika urithi wa dunia mwaka 1980, na tangu 1997 iko katika orodha ya urithi ulio hatarini. Gorila wa nchi ya chini ya mashariki, ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa Kongo yetu, walihesabiwa 258 katika sehemu ya milima mwaka 1990. Mwaka 2000, baada ya vita, walikuwa 130 hivi. Kwa aina nzima, makadirio ya katikati ya miaka ya 1990 yalikuwa karibu 17,000. Mwaka 2016 watafiti walikadiria 3,800, na hesabu mpya iliyotolewa 2021 ikasema 6,800. Namba zinapanda na kushuka kwa sababu msitu ni mgumu kuhesabu, lakini hakuna anayesema kwamba wamerudi walivyokuwa.

Tembo wa milimani ndio walioumia kuliko wote. Walikuwa mamia, wakauawa karibu wote kwa ajili ya pembe katika miaka ile. Methali yetu inasema wakipigana tembo, ziumiazo ni nyasi. Kahuzi imetuonyesha neno lingine: tembo wakiisha, msitu nao unaumia. Kuko mmea mmoja wa kutambaa, Sericostachys scandens, unaopanda juu ya miti na kuifunika mpaka inakosa jua. Ulikuwepo siku zote, ila baadaye ulienea sana katika sehemu ya milima. Wataalamu wanahusisha kuenea huko na mambo mawili: tembo waliokuwa wakiuvunja na kuukanyaga hawapo, na watu waliokata mianzi na miti walifungua nafasi zenye mwanga. Mianzi ikifunikwa, machipukizi yake, ambayo gorila huyapenda sana kwa majira yake, yanapungua. Kumbe tembo naye alikuwa mchungaji. Alikuwa analisha gorila bila kujua, kama vile ng'ombe alivyokuwa analisha mgomba.

Ndiyo maana hatukubali kwamba msitu na zizi ni mambo mawili. Mlimani ng'ombe aliondoka, udongo ukabaki uchi. Msituni tembo aliondoka, mwanga ukaingia pasipo ruhusa. Ni hadithi moja inayosimuliwa pande mbili za ukingo. Na ugonjwa wa mtu unavuka ukingo ule: gorila anaambukizwa mafua yetu, na mafua ya kwetu ya siku tatu kwake yanaweza kuwa kifo. Ndiyo sababu mgeni anayekwenda kuwatazama Tshivanga huvalishwa barakoa na kuambiwa asimame mbali.

Lakini aliyelipa kwanza kuliko wote ni nani? Si ng'ombe, si gorila. Ni Mutwa.

Batwa waliishi ndani ya msitu ule kabla ya kuitwa parke. Katika miaka ya 1970 walitolewa, kwa maelfu, bila shamba la kubadilisha na bila malipo ya maana. Tufikiri kidogo jambo hili lilivyo. Mubushi aliyepoteza malisho alikuwa bado na mlima wa kulima, hata kama ni mdogo. Mutwa hakuwa na ng'ombe wa kutoa kalinzi, kwa hiyo hata katika desturi zetu za ardhi hakuwa na mlango wa kuingilia. Alitolewa msituni kwa sheria ya Leta, akafika kijijini akafungiwa kwa desturi yetu. Tunapotukuza mila katika kitabu hiki tukumbuke kwamba mila nazo zinajua kufunga mlango.

Mnamo Oktoba 2018 familia kadhaa za Batwa zilirudi msituni, na baada ya hapo kulikuwa mapigano na walinzi, watu wakafa pande zote mbili. Miti mingi pia ilikatwa ikawa makala. Wako wanaosema: mnaona, Mutwa si mlinzi wa msitu. Jibu letu ni swali: makala yale yalipikia chakula cha nani? Hayakupikwa yakaliwa kule mlimani. Yalishuka kwa magunia mpaka Bukavu, Kadutu, Bagira, Ibanda, katika nyumba za watu wanaosoma vitabu kama hiki. Umeme haufiki kwa wengi, na ukifika unakatika. Hakuna mama wa Bukavu tunayeweza kumlaumu kwa kuwasha mbabula ili watoto wale. Lakini kama lawama haiwezi kumkaa mama wa Kadutu anayenunua, iwezeje kumkaa Mutwa anayeuza, tena yeye peke yake? Mwaka 2022 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda haki za Pygmées, wenyeji wa asili. Mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ulitangazwa, ukisema kwamba Kongo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega kwa kuwatoa katika nchi yao. Karatasi hizo ni nzuri. Tshivanga wengi hawajaziona.

Wengine watatuambia: wazee wetu walijua kuishi na nyama wa pori, turudi kwao. Tuna mashaka. Wazee waliwinda, na ngozi ya chui haikufika mabegani mwa wakubwa kwa kuomba. Kama pori lilibaki, sehemu moja ya sababu ni kwamba watu walikuwa wachache na hapakuwa na bunduki. Ni vizuri kusema hivyo kwanza, ili tusipakae mila rangi ambayo haikuwa nayo.

Lakini iko miko iliyobeba fikra nzito, na tunaupenda mfano wa ndugu zetu Warega wa Mwenga na Shabunda, ambao nchi yao inapakana na parke upande wa chini. Kwao kakakuona, wanayemwita ikaga, ni mnyama wa bwami, chama chao kikubwa cha hekima. Wanasema ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba kwa majani yanayopandana, kama magamba yake yanavyopandana. Hauawi kwa kupenda. Akikutwa amekufa au akiuawa kwa bahati mbaya, ni jambo zito linalohitaji utakaso, na nyama yake haigawanywi ila na wenye bwami kwa utaratibu wao. Mwiko ule haukuhesabu kakakuona wamebaki wangapi. Ulikataza jambo lingine: mtu kula peke yake, kwa siri. Leo magamba ya kakakuona yanasafirishwa kwa siri mpaka Asia, kilo kwa kilo, na anayekula faida hakuwahi kuuona msitu wa Shabunda. Mwiko wa zamani ungemtambua mara moja mtu huyo. Sheria mpya inamkamata mbebaji.

Hatutaki pia msomaji afikiri kwamba kila mabadiliko ya mazingira ni msiba. Tazama ziwa letu. Sambaza wanaouzwa Muhanzi, Beach Muhanzi na kila soko la Bukavu, si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, kwa sababu maji ya katikati ya ziwa hayakuwa na samaki wa kuyala yale madudu madogo yanayoelea. Wakazaana, na leo ni chakula cha mamilioni, pande zote mbili za ziwa. Kiroboto-maji mmoja aliyekuwa akiishi humo, Daphnia curvirostris, aliliwa mpaka akatoweka ziwani. Hakuna aliyemlilia. Je, lilikuwa kosa? Tumebishana sana juu ya jambo hili sisi kwa sisi, na hatukupatana. Mmoja wetu alisema mtoto aliyeshiba sambaza ni jibu tosha. Mwingine alisema wale waliotia samaki ziwani hawakumuuliza mtu aliyeishi kando yake, na kwamba bahati njema si ruhusa ya kurudia. Yote mawili tunayaona kuwa na uzito. Ila tofauti ya sambaza na mengine tuliyoyataja ni wazi: faida ya sambaza iligawanyika kwa wengi, hata kwa mama asiye na mtumbwi anayeuza fungu moja barabarani.

Turudi basi kwenye ile bugabire. Tukisema kwamba mlima tumepewa kuutunza na si wetu wa kuumaliza, kuko watakaosema ni maneno ya kanisani. Kwa Mushi wa zamani yalikuwa maneno ya sheria. Aliyepewa ng'ombe alijua anamjibu nani, na alijua kwamba jirani wote wanamhesabu ng'ombe yule. Shida ya mlima wa leo ni kwamba hakuna anayejua anamjibu nani. Mkulima anasema ardhi ni ya Leta. Leta inasema iko na sheria. Parke inasema iko na mipaka. Na wafadhili wanaandika ripoti Bruxelles au New York. Ng'ombe akifa, hakuna wa kwenda kumwambia.

Mahali pa kupima jambo hili panajulikana. Kati ya sehemu ya juu ya parke na ile sehemu kubwa ya chini kuko ukanda mwembamba unaoziunganisha, na ndio njia ya nyama kupita kutoka upande mmoja kwenda upande mwingine. Ukifungwa, gorila wa milimani wanabaki kama kisiwa, wanaoana ndugu kwa ndugu. Ndani ya ukanda huo kuko mashamba, na kuko ng'ombe wanaochunga. Si ng'ombe wa maskini wote. Hati za ardhi zilitolewa ndani ya mipaka ya parke, na Kamati ya Urithi wa Dunia imeomba mara nyingi zifutwe. Mwenye hati hizo mara nyingi haishi huko. Anaye mchungaji wa mshahara, na yeye yuko mjini.

Kwa hiyo, mlima ule ule, siku ile ile: Mutwa anakamatwa na mzigo wa kuni kichwani kwa sababu aliingia parke, na ng'ombe wa mtu wa mjini anakula nyasi ndani ya parke kwa sababu bwana wake iko na karatasi yenye muhuri. Wanaobishana juu ya gorila na binadamu wangeanzia hapo. Waulize kwanza ng'ombe yule ni wa nani, alitolewa na nani, na bwana wake amemjulisha nani.